Trekta la mtumba kwa shamba dogo: namna ya kuamua, kulikagua na kulinunua

Kuna msimu nilikaa siku kumi na tisa nikisubiri trekta la kukodi. Nalima mahindi upande wa Dumila, wilaya ya Kilosa, heka kumi na tano, na mvua ya kwanza ya maana ilikuwa imeshashuka. Kila nikimpigia mwenye trekta jibu lilikuwa lile lile: kesho alfajiri niko kwako. Alipofika, majirani waliopata nafasi mapema walikuwa wanapalilia. Mahindi yangu yalifika kutoa mbelewele mvua ikiwa imekata, na magunia niliyovuna yaliishia kwenye deni la mbolea.

Wengi wetu huanza kutafuta trekta la kununua tukiwa na uchungu wa namna hiyo, na uchungu humharakisha mtu. Nimekwisha kununua, na nimekagua na kuyaacha mengi kuliko niliyonunua. Nimeona pia watu ninaowapenda wakiuza ng'ombe na kununua chuma ambacho leo kimelala chini ya mwembe, kuku wanatagia kwenye kiti chake. Kwa hiyo nitaeleza hatua kwa hatua, na nitakaa zaidi pale pesa zinapopotelea.

Ninaposema heka namaanisha ekari. Bei zote humu ni za mfano wa kupigia hesabu, kwa shilingi za Tanzania. Wewe weka za kijijini kwako.

Hatua ya kwanza: hesabu siku zako za kulima

Watu huanza kwa kuuliza, "Nina heka ngapi?" Mimi nakuomba uanze kwa kuuliza udongo wa kwenu unalimika siku ngapi kwa mwaka. Udongo mweusi wa mbugani ukikauka unakuwa jiwe, ukilowa sana trekta linazama hadi ekseli. Katikati ya hali hizo mbili kuna siku chache tu, na siku hizo hizo ndizo kila mtu kijijini anataka kulimiwa.

Chukua kalenda ya msimu uliopita, kaa na jirani anayekumbuka vizuri, muweke alama siku ambazo trekta lingeweza kuingia shambani. Toa siku za mvua kubwa. Toa siku mbili tatu za dereva kuumwa au kwenda msibani. Toa siku za kusubiri spea itoke Morogoro mjini au Dar es Salaam. Mimi nilipofanya hivyo, siku arobaini nilizodhani ninazo zilibaki kama thelathini.

Sasa uwezo wa trekta. Trekta la nguvu farasi 75 hadi 80 lenye plau (jembe la kuvutwa na trekta) ya sahani tatu hulima karibu heka moja kwa saa kama shamba ni wazi na refu. Mashamba yetu yana visiki, vichuguu na kona, na lazima uhame kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine. Ukiniuliza, nitakwambia hesabu heka sita kwa siku. Siku thelathini mara heka sita ni heka 180, na hapo ndipo mwisho wa trekta moja kwa msimu mmoja, hata kama wateja wamepanga foleni hadi barabarani. Andika namba hiyo pembeni, tutaihitaji.

Hatua ya pili: piga hesabu yote kwenye karatasi

Tuseme una milioni 26. Trekta ni milioni 20, plau milioni 3, na milioni 3 nyingine ni za matengenezo ya kwanza, ambayo hayakwepeki. Baada ya miaka minane unaliuza kwa milioni 10. Umepoteza milioni 16 kwa miaka minane, yaani milioni 2 kila mwaka, hata mwaka ambao hukulima heka moja. Ongeza milioni 2 na nusu za spea na fundi kwa mwaka, maana trekta kuukuu halimalizi msimu bila kudai kitu. Ongeza laki tano za mlinzi, banda, bima na mambo madogo. Jumla ni milioni 5 kwa mwaka, liamke au lilale.

Upande wa pili ni gharama za kila heka. Dizeli lita 8 kwa shilingi 3,000 ni 24,000. Dereva 7,000. Oili, grisi na filta 3,000. Anayekutafutia wateja 2,000. Jumla 36,000. Kama bei ya kulima kwenu ni 60,000 kwa heka, kinachobaki mkononi ni 24,000.

Gawanya milioni 5 kwa 24,000. Unapata heka 209 hivi. Hizo ndizo heka ambazo trekta lazima lilime kila mwaka, zako zikiwemo, ili usipate hasara wala faida. Sasa rudi kwenye namba uliyoandika pembeni: uwezo wa msimu mmoja ni 180. Kwa kulima peke yake, kwa msimu mmoja peke yake, mfano huu hautoki.

Ndiyo maana wenye matrekta wanaofanikiwa huku kwetu hawategemei kijiji kimoja. Kongwa na Kiteto wanaandaa mashamba mwishoni mwa mwaka, na sisi wa Kilosa tuna mashamba ya masika ya kuandaa baada ya mwaka mpya, hivyo kuna watu wanahama na mvua. Wengine wana tela, wanasomba mazao, mchanga na tofali kiangazi kizima. Wengine wana mashine ya kupukuchua mahindi inayozungushwa na shafti ya nyuma ya trekta, ile mafundi wanayoiita PTO, na wakati wa mavuno hawalali. Jiulize kwa ukweli kama una moyo na nafasi ya biashara hiyo. Mtu mwenye ajira ya siku tano kwa wiki mjini, anayeendesha trekta kwa simu, namwonea huruma.

Kuna kitu kimoja karatasi nyingi hukisahau, nacho kinakwenda upande wa kununua: kuchelewa kuna bei. Msimu ule wa siku kumi na tisa nilikadiria nimepoteza gunia tatu kwa kila heka nikijilinganisha na jirani tuliyetumia mbegu ile ile. Gunia tatu mara heka kumi na tano, kwa 60,000 kila gunia, ni milioni 2 na laki saba. Kama trekta lako litakuokolea hasara hiyo kila mwaka, basi kati ya ile milioni 5 unabaki kutafuta milioni 2 na laki tatu tu, na hizo ni heka 96 hivi. Hesabu imebadilika kabisa. Lakini sharti ni moja: trekta lilime kwako kwanza. Nimeona wenye matrekta wakifuata pesa ya wateja siku za mwanzo za mvua, shamba lao likalimwa la mwisho. Ukijijua kwamba huwezi kumkatalia mteja mwenye pesa taslimu mkononi, usiweke hiyo milioni 2 na laki saba kwenye hesabu yako.

Na mkopo? Weka riba ya asilimia 18 juu ya milioni 26. Mwaka wa kwanza riba peke yake ni karibu milioni 4 na laki saba. Milioni 5 zako zimekuwa 9 na laki saba, na heka zimepanda hadi 403. Hakuna trekta kuukuu la kulima hizo. Msimamo wangu hapa hauyumbi: trekta la mtumba linanunuliwa kwa pesa yako au ya ndugu wasiotoza riba. Ukiwa ni mtu wa mkopo, zungumza na benki inayokopesha wakulima kuhusu trekta jipya lenye waranti ya kiwanda. Marejesho ya kila mwezi na gia boksi iliyopasuka havikai nyumba moja.

Hatua ya tatu: jaribu njia nyingine kabla

Kama tatizo lako ni kuchelewa, dawa inaweza kuwa nafuu kuliko milioni 26. Mlipe mwenye trekta nusu ya pesa mwezi mmoja au miwili kabla ya mvua, wakati hana kazi na anahitaji pesa ya matengenezo. Atakupa tarehe na ataitunza. Au lima kiangazi. Udongo wa kichanga na tifutifu unakubali kulimwa mkavu, na ukiweka ripa badala ya plau unachana mistari ya kupandia tu bila kupindua shamba zima, na dizeli inapungua. Kwa heka tano hadi nane za mpunga, pawatila, ile mashine ya magurudumu mawili unayotembea nyuma yake, inatosha na fundi wa pikipiki anaweza kuifahamu. Na sehemu zenye ng'ombe, jozi mbili za maksai waliofundishwa vizuri zinalima bila kungoja mtu.

Kununua kwa shirika, watu watatu au wanne, kunapunguza mzigo, ila andikeni kabla: nani analimiwa kwanza mwaka huu na nani mwakani, nani anashika funguo, spea inalipwa kwa mgao gani. Bila karatasi hiyo mtagombana siku ya mvua ya kwanza.

Hatua ya nne: chagua aina kwa kufuata spea

Ukiwa umefika hapa na hesabu bado inasimama, basi tafuta. Plau ya sahani tatu kwenye udongo mzito inataka trekta la nguvu farasi 70 na kuendelea. La farasi 45 au 50 livutishe sahani mbili. Wengi wanafungia sahani tatu kwenye trekta dogo ili wamalize haraka, na wanachomaliza ni klachi.

Massey Ferguson ndilo trekta ambalo karibu kila fundi wa vijijini amewahi kulifungua. MF 135 na MF 240 zina injini ya Perkins ya silinda tatu, MF 290 ina ile ya silinda nne inayoitwa A4.248. Matrekta ya Massey yameendelea kutengenezwa Pakistani na India, hivyo spea zake nyingi madukani zinatoka huko na bei yake inavumilika. Ford za zamani, kama 5000 na 6600, ni imara pia, ila uliza kwanza duka la karibu lina nini. Swaraj, Farmtrac, New Holland na wengine, fanya jaribio moja rahisi: kabla ya kwenda kuliona trekta, nenda duka la spea ukiwa na karatasi. Uliza bei ya sahani ya klachi, pampu ya maji, gasketi ya silinda hedi, nozeli ya kupulizia dizeli na beringi ya gurudumu la mbele. Ukijibiwa "tunaagiza", hesabu siku za kuagiza, kisha kumbuka zile siku thelathini.

Vitrekta vidogo vya Japani, Kubota, Yanmar na Iseki vya farasi 15 hadi 30, vinavyokuja vikiwa na maandishi ya Kijapani, ni vizuri kwa majaruba ya mpunga na rotaveta. Havikuundwa kupasua mbuga ngumu kwa plau ya sahani. Nyingi zilitengenezwa kwa soko la kwao tu, hivyo namba za spea hazilingani na za modeli zinazouzwa nchi nyingine. Hakikisha kwa kutumia namba ya injini, usitegemee jina la ubavuni.

Sisi tunaopita Kongwa tukienda Dodoma tuna ukumbusho wa jambo hili. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga pale, na matrekta mengi waliyoleta yalikuwa ya mtumba, mabaki ya vita yaliyonunuliwa hadi Ufilipino. Yalikatika mapema, spea hazikupatikana, udongo wa kiangazi ukayatafuna majembe, na mwanzoni mwa 1951 mradi ukaachwa. Hao walikuwa na hazina ya serikali nyuma yao.

Hatua ya tano: ukaguzi

Tafuta fundi asiyetoka mtaa mmoja na muuzaji, na mlipe kiwango cha siku, ununue au usinunue. Fundi anayelipwa ukinunua atakuambia ununue. Mwambie muuzaji jioni ya kabla: kesho asiliwashe hadi tufike.

Siku moja tulifika yadi ya mtu saa moja asubuhi. Mzee niliyekwenda naye hakuangalia rangi wala tairi. Alisalimia, akaenda moja kwa moja, akaweka kiganja chake juu ya injini, akakiacha pale kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akanigeukia: "Mwanangu, hili wameshaliamsha." Muuzaji akasema walilisogeza tu kivulini. Mzee akamjibu kwa upole, "Hakuna neno, tutasubiri lipoe." Tulikaa hadi saa tisa alasiri. Lilipopoa stata iligugumia mpaka betri ikaisha, wakaleta betri nyingine, wakapuliza petroli kwenye bomba la kuvuta hewa, ndipo likashika na wingu jeupe lililoziba ukuta. Asubuhi ile lingewaka kwa mguso mmoja, nasi tungetoa pesa.

Likiwa bado baridi, chomoa dipstiki. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani. Fungua kifuniko cha rejeta: maji yakiwa na utando wa mafuta unaong'aa rangi rangi, gasketi ya hedi imekwenda au kuna ufa. Angalia chini liliposimama, kisha uiname uangalie tumbo lake. Rangi mpya juu ya grisi kuukuu inafunika kitu. Kwangua na ufunguo kwenye maungio.

Hapo kwenye maungio tulia kabisa. Trekta nyingi za aina hii hazina chesisi kama lori. Injini, nyumba ya klachi na gia boksi vimefungwa kwa bolti na ndivyo vinavyobeba uzito wote. Likivunjika kiunoni huchomelewa, likapakwa rangi, likauzwa. Ukikuta mstari wa kuchomelea kwenye nyumba hizo, aga uondoke, hata wapunguze nusu ya bei.

Sasa liwashe. Moshi mweupe ukiendelea baada ya dakika chache, mgandamizo wa hewa kwenye silinda ni mdogo au nozeli zina shida. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi kidogo linapovuta mzigo ni wa kawaida, ukiwa mwingi muda wote pampu au nozeli zinadai pesa. Likiwa linanguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili. Hewa kidogo inayotoka haina neno. Ikitoka kwa kufukuta kama birika linalochemka, ringi na silinda zimeisha, na unachonunua ni oveholi, yaani kufungua na kukarabati injini nzima. Fundi mwenye geji yake ya presha ya oili aifunge, maana geji ya kwenye dashibodi mara nyingi imekufa. Presha isomwe injini ikiwa ya moto. Ya baridi inadanganya.

Mita ya masaa usiipe uzito. Angalia pedali za klachi na breki zilivyoliwa, tundu za mikono ya nyuma inayobeba plau zilivyopanuka, na pini zake. Pedali iliyong'aa na kulika upande mmoja imesema ukweli kuliko mita.

Klachi: weka gia kubwa, kanyaga breki zote mbili, achia klachi taratibu. Injini ikizima, inashika. Ikiendelea kunguruma, imeisha. Gia: lipeleke kwenye mteremko, ikiwezekana na tela, uone kama kuna gia inayoruka. Breki za kushoto na kulia zijaribu moja moja. Nyanyua mbele kwa jeki, tikisa magurudumu. Mchezo mkubwa maana yake bushi, beringi na kingpini.

Haidroliki inataka uvumilivu. Ning'iniza plau, inyanyue hadi juu, zima injini, chora alama kwa chaki, kaa nusu saa. Ikishuka kidogo si kitu. Ikifika chini wakati bado mnasalimiana, sili au valvu zinavuja. Kwenye Massey za aina hii pampu imezama ndani ya nyumba ya gia, hivyo kuitengeneza ni kufungua mwili wa trekta. Tena, pampu iliyochoka hunyanyua vizuri oili ikiwa baridi, ikipata moto inakataa. Kwa sababu hiyo jaribio la yadini pekee halitoshi.

Tairi za nyuma, kama 18.4-30 za trekta kubwa, zina bei ya kumtoa mtu machozi. Angalia nyufa za ubavuni, tairi lililoshonwa, na kutu ya rimu kuzunguka valvu, hasa kama tairi ziliwahi kujazwa maji ili kuongeza uzito. Plau ipime pia: sahani mpya kwa kawaida ni inchi 26; zilizolika sana hazizami, zinakwaruza. Zitikise uone beringi.

Mwisho, shambani. Usikubali kukosa hili. Peleka dizeli yako, jaza tanki hadi shingoni, lima heka mbili kamili kwenye udongo wa kawaida, kisha jaza tena ukipima kwa kopo la lita. Umejua lita zako kwa heka, na zile 24,000 za dizeli kwenye karatasi zinakuwa namba ya kweli. Katika saa hizo mbili tatu injini itakuwa ya moto, haidroliki itakuwa ya moto, na lile linalojificha litajitokeza. Muuzaji anayekataa jaribio la shambani hata ukimlipa muda wake, mshukuru uende zako.

Kila kasoro iandike na bei ya spea yake na ya fundi. Karatasi hiyo ndiyo ya kupatania bei. Mbele ya orodha yenye namba dalali hana maneno mengi.

Hatua ya sita: karatasi na malipo

Kadi ya usajili iwe halisi, na namba ya injini na ya chesisi zilingane na zilizogongwa kwenye chuma. Zisugue kwa kitambaa, angalia kama kuna alama za kukwanguliwa. Kisha nendeni pamoja na muuzaji TRA, mamlaka ya mapato, mjue jina lililosajiliwa ni la nani. Mwenyewe akiwa marehemu, anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa wa familia peke yake hatoshi. Likiwa la kikundi au chama, omba muhtasari wa kikao kilichokubali kuuza. Uliza pia kama liliwahi kuwekwa dhamana ya mkopo, na upate barua ya kwamba umekwisha.

Andikishaneni mbele ya wakili, mashahidi wawe wa pande zote mbili, lipa kwa benki. Badilisha umiliki wiki hiyo hiyo. Na mwenzako wa nyumbani awe amekaa mezani tangu hesabu ya kwanza, maana mwaka trekta litakapolala, mzigo mtaubeba wote.

Hatua ya saba: dereva

Nitasema machache, ingawa trekta nyingi zinauawa hapa. Tafuta mwenye leseni ya daraja la mitambo na aliyewahi kukaa na mwajiri mmoja zaidi ya msimu. Ukimlipa kwa heka atakimbiza. Ukimlipa kwa siku atapumzika. Mimi nalipa kwa heka, na napita nyuma na fimbo yenye alama kupima kina. Heka isiyofika kina hailipwi hadi irudiwe.

Na tafadhali, mtu yeyote asipandishwe juu ya madigadi. Watoto wanapenda, nasi tunaona ni jambo dogo, lakini gurudumu la nyuma liko kiganja kimoja kutoka mguuni, na plau iko nyuma yake. Shafti ya PTO iwe na kifuniko chake, na asisogee karibu aliyevaa kanga, shuka au koti refu. Nguo ikishikwa, mtu hapati muda wa kupiga kelele.

Wiki ya kwanza nyumbani

Usilipeleke shambani siku lilipofika. Mwaga oili zote, ya injini, ya gia boksi na haidroliki, ya stelingi, uweke mpya, pamoja na filta. Oili ya zamani ichuje kwa kitambaa cheupe. Vipande vya chuma vitakuambia nini kinakuja. Shusha tanki la dizeli ulioshe, maana maji na tope lililokaa chini ndilo linaloua pampu. Safisha rejeta nje na ndani. Kaza nati za magurudumu, kisha zikaze tena baada ya siku ya kwanza ya kazi. Kila nipeli ipate grisi mpaka ile chafu itoke. Kisafisha hewa cha bakuli la oili, kama trekta linacho, kifunguliwe kila jioni wakati wa kulima vumbini.

Halafu nunua daftari la kaunta, lifunge kwa kamba kwenye boksi la vifaa. Kila jioni dereva aandike mbele yako: saa za kazi, heka, lita za dizeli, kilichotengenezwa na bei yake. Mwisho wa msimu wa kwanza likae mezani pamoja na ile karatasi ya hatua ya pili, heka kwa heka, lita kwa lita.